Paa, Nunda na Mimi: Namna ya Kujisoma Kupitia Wahusika wa Ngano

Bibi yangu alikuwa na ngano moja aliyotusimulia kwa vipande, leo nusu na kesho nusu, kwa sababu kila alipofika mahali paa anapougua sisi wajukuu tulianza kulia, naye akazima koroboi tukalale.

Ni ngano ya Sultani Darai. Maskini mmoja, Hamdani, anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Kumbe paa yule anasema. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali, anadai ametumwa na bwana wake "Sultani Darai", jina alilolibuni yeye mwenyewe, na kwa maneno yake matamu anamposea Hamdani binti wa sultani. Anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba ya kuishi. Kisha paa anaumwa. Hamdani, ambaye sasa anavaa hariri, anapelekewa habari, naye anajibu: mpikieni uji wa mtama. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na asubuhi moja Hamdani anaamka yuko palepale jaani, vumbi mwili mzima, anachakura.

Askofu Edward Steere aliichapa London mwaka 1870, pamoja na ngano nyingine alizozikusanya Unguja. Midomoni mwa watu bila shaka ilikuwako kabla ya hapo.

Nilimchukia Hamdani kwa miaka thelathini. Nilimtumia kama mfano wa watu wasio na shukrani, na niliwajua wengi. Kisha siku moja dada yangu mkubwa alinitumia ujumbe kwamba goti limezidi. Dada huyu alikaa Muscat miaka sita akifanya kazi za ndani, na ada yangu ya chuo ilitoka huko. Nilikaa na ule ujumbe siku nne, kisha nikamtumia pesa kidogo nikijiambia kwamba hata hizo zinatosha. Usiku ule nililala vibaya, na neno lililokuwa likinirudia kichwani lilikuwa "uji wa mtama".

Njia ninayoieleza hapa nilianza kuitengeneza usiku huo, na tangu wakati huo nimeipitia pamoja na ndugu na marafiki kadhaa. Inahitaji daftari, kalamu, jioni tatu za utulivu, wiki moja ya kujaribu, na mtu mmoja anayekufahamu vizuri. Haitakupa jina la kubandika kifuani kwamba "mimi ni Sungura". Itakuonyesha kazi unayoifanya mara kwa mara katika maisha ya wenzako, na ile unayoikataa.

Mzizi wa jambo lenyewe

Aliyeziunganisha ngano na elimu ya nafsi kwa nguvu kuliko wengine ni Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1961. Alisema kwamba chini ya kumbukumbu za kila mtu kuna mifumo ya picha wanayoshiriki binadamu wote: mama, mzee mwenye hekima, mjanja, shujaa, mtoto. Aliziita akitaipu, mimi hapa nitaziita sura za kale. Ndiyo sababu, alisema, watu wasiowahi kukutana husimulia ngano zinazofanana.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajui kwamba Jung alikuja kwetu. Alishuka Mombasa Novemba 1925, akiwa na miaka 50, akapanda hadi Nairobi na kisha Mlima Elgon. Aliongea na wenyeji kwa Kiswahili, kamusi ndogo mkononi, akiwauliza kuhusu ndoto zao. Mganga mmoja mzee alimjibu machozi yakimlengalenga kwamba zamani waganga waliota, wakajua kama vita au maradhi yanakuja, lakini tangu wazungu walipofika hakuna anayeota tena. Hakuna haja, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu. Kila nikikumbuka jibu hilo moyo hunisinyaa. Mtu anapoambiwa kwamba kujijua kwake kuko mikononi mwa mwingine, huacha kusikiliza ndani.

Jambo moja kabla hatujaanza. Ile orodha ya "aina 12 za watu" inayozunguka mitandaoni haikutoka kwa Jung. Iliandaliwa na wengine baada yake. Na wanasaikolojia wanaopima tabia kwa takwimu hawawagawi watu kwenye vyumba. Wanapima sifa tano kwa ngazi: uwazi kwa mambo mapya, uwajibikaji, uchangamfu, upole na wasiwasi, na watu wengi huangukia karibu na katikati. Kwa hiyo usitumie mwongozo huu kuajiri mtu, kuchagua mchumba, wala kumwita mtoto "fisi". Hasa hilo la mtoto. Mtoto akiitwa fisi mbele za watu atakuja kula kama fisi.

Hatua ya 1: Andika ngano tatu kama unavyozikumbuka

Chagua ngano ulizozisikia kabla hujafikisha miaka kumi na miwili hivi. Ziwe za bibi, za kitabu cha shule, au za filamu za mabinti wa kifalme, zote zinafaa. Ziandike kutoka kichwani, ukurasa mmoja mmoja. Usizitafute kwenye simu.

Unachokosea kina thamani kuliko unachopatia. Rafiki yangu mmoja aliandika ile ya Cinderella na akasisitiza kwamba ndege waliwadonoa dada wa kambo macho. Mumewe akabisha: hakuna ndege, kuna mchawi mwema na kiatu cha kioo. Wote walikuwa sawa. Kiatu cha kioo kimo katika masimulizi ya Mfaransa Charles Perrault ya mwaka 1697, na ndege wanaodonoa macho wamo katika yale ya ndugu Grimm wa Ujerumani. Lakini yeye alishika adhabu na mumewe akashika msaada, na hapo ndipo mazungumzo yao yalipoanza.

Hatua ya 2: Mpendwa, mchukiwa, msahauliwa

Katika kila ngano zungushia duara mhusika unayempenda. Pigia mstari unayemchukia. Kisha rudi utafute mhusika uliyemsahau kabisa, yule uliyempitia kwa sentensi moja au hukumwandika.

Sasa andika sentensi kumi juu ya unayemchukia. Anza naye, kabla ya mpendwa. Kumi kamili, kwa sababu tatu za kwanza zitakuwa maneno ya watu wote: mchoyo, mbaya, hana utu. Kuanzia ya sita hivi utaanza kuandika mambo yako. Mimi sentensi yangu ya nane juu ya Hamdani ilikuwa hivi: "Aliona aibu kukumbushwa jaa." Nilipoiandika nikaweka kalamu chini.

Jung aliita upande huu kivuli: mambo tunayoyakataa ndani yetu, ambayo huonekana kwa urahisi mno tukiyatazama kwa wengine. Nyani haoni kundule. Si kila chuki ni kivuli, maana kuna watu wanaostahili kuchukiwa kwa matendo yao. Dalili ni moto. Mhusika wa ngano hajakufanyia lolote, kwa hiyo damu ikikuchemka kwa sababu yake, jiulize moto huo umetoka wapi.

Msahauliwa naye usimdharau. Katika ngano ya Sultani Darai yuko mke wa Hamdani, ambaye mumewe alipoagiza uji wa mtama, yeye alimpelekea paa wali na maziwa kwa siri. Nilipoiandika ngano sikumtaja hata kidogo. Nilikumbuka ukatili, nikasahau kwamba ndani ya nyumba ileile kulikuwa na mtu aliyejua la kufanya.

Hatua ya 3: Soma kazi ya mhusika, uache umbo lake

Mrusi Vladimir Propp alichambua ngano 100 za kwao na mwaka 1928 akaonyesha kwamba ukiondoa majina na mavazi, kazi za wahusika ni chache sana na hurudiarudia: kuna anayetafuta, anayezuia, anayesaidia, anayetuma, na shujaa wa uongo anayedai sifa zisizo zake. Marie-Louise von Franz, aliyefanya kazi na Jung huko Zürich, alikwenda mbali zaidi: soma ngano nzima kana kwamba wahusika wote ni sehemu za mtu mmoja. Fanya hivyo. Hamdani ni wewe, paa ni wewe, kisima pia ni chako.

Hawa hapa ni wale ninaokutana nao mara nyingi.

*Paa*, msaidizi. Huyu ndiye anayepatikana zaidi kati ya wanawake wa ukoo wangu, na katika kila ukoo wa Kiswahili ninaoujua. Anaona njia pale mwenzake anapoona jaa. Anaposea wengine, anasomesha wengine, anatafutia wengine kazi. Tazama vizuri anavyofanya: tangu mwanzo hamwambii Hamdani anachotaka yeye mwenyewe. Haombi hata pa kulala. Anajenga ufalme mzima, halafu anaugua ndipo apime kama anapendwa. Kama wewe ni paa, maswali yako ni mawili. Je, uliwahi kusema kwa mdomo unachohitaji, au unangoja wajue? Na je, yule uliyempa jina la sultani ana habari kwamba bado ni Hamdani?

Maana hilo la jina lina uzito. "Sultani Darai" hayupo. Ni jina la kubuni ambalo paa alilitoa ili kumwokoa bwana wake, na watu wakaliamini, na mwishowe bwana mwenyewe akaliamini. Jung alikuwa na neno la sura hii tunayovaa mbele za watu. Aliiita persona, neno la Kilatini la barakoa ya mwigizaji. Barakoa si dhambi. Daktari hawezi kumtolea mgonjwa hofu zake, mwalimu hawezi kulia mbele ya darasa kila siku. Hatari huja pale Darai anapoona haya kuitwa Hamdani. Ukitaka kujua barakoa yako imeganda kiasi gani, jiulize: nani bado ananiita kwa jina la utotoni, na nikiitwa hivyo mbele ya wageni najisikiaje?

*Sungura*. Sote tunampenda kwa sababu ni mdogo na anashinda. Ni sura ya mjanja, ile ile ya Abunuwasi, na sehemu kubwa ya maisha ya mtu asiye na cheo huendeshwa kwa akili ya Sungura. Lakini ikumbuke ngano yake na buku, yule panya mkubwa wa porini. Wamepanda mbuyu wa Simba kuiba asali. Simba anakuja, anauliza nani yuko juu. Sungura anamwambia buku amfunge ndani ya majani makavu na amtupe chini. Simba anasogea pembeni, majani yanaanguka, Sungura anatimka. Buku anabaki mtini kuulizwa, na analiwa. Watoto hucheka hapo, nami nilicheka. Ujanja una buku wake. Kama Sungura ndiye mpendwa wako, andika majina ya watu waliobaki kujibu maswali baada ya wewe kuondoka.

Upande wake mzuri pia uutumie. Sungura huyu huyu, akirudi nyumbani na kushuku kwamba Simba amejificha ndani, anaisalimia nyumba. Haijibu. Anasema kwa sauti kwamba ajabu, kila siku nyumba yangu huniitikia. Simba anaitika kutoka ndani, na Sungura anaokoka. Hiyo ni akili ya kupima kabla ya kuingia, na kuna watu wengi wapole wangeepuka ndoa mbaya na mikopo mibaya kama wangeisalimia nyumba kwanza.

*Fisi* nitampita haraka kwa sababu kila mtu anamjua. Alifika njia panda, harufu ya nyama huku na huku, akaweka miguu njia zote mbili akapasuka msamba. Tunamwita mroho. Mimi namwona kama mtu asiyeamini kwamba kitapatikana kingine kesho. Ukimkuta fisi ndani yako, tafuta njaa ya zamani.

*Kobe* ana subira, ana nyumba yake mgongoni, hahitaji mtu. Gharama yake ni kwamba hata akipendwa anaingiza kichwa ndani.

*Mama wa kambo*. Hapa naomba tukae kidogo. Ndugu Grimm walipochapa ngano zao kwa mara ya kwanza mwaka 1812, aliyetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 wakamgeuza kuwa mama wa kambo. Katika ile ya Hansel na Gretel mageuzi kama hayo yalifika mwaka 1840. Hawakuweza kuvumilia kwamba mama anayenyonyesha na mama anayekasirika ni mwanamke mmoja, wakamkata vipande viwili, na kipande kibaya wakampa mwanamke mwingine. Akili zetu hufanya vivyo hivyo: aliyetuumiza huwa shetani mzima, tunayempenda huwa malaika mzima. Na mzigo wa kukatwa huko umewaangukia mama wa kambo wa kweli, ambao wengi wao wanawalea watoto wasiowazaa kwa moyo wote na bado wanatazamwa kwa jicho la ngano. Kama mchukiwa wako ni mama wa kambo, jaribu kuiandika upya ngano hiyo ukimwita mama tu. Utatetemeka kidogo. Endelea.

*Kaa-jikoni*. Katika ngano ya Sultani Majinuni wako wana saba, na wa mwisho anadharauliwa kwa kuwa anashinda jikoni. Mtende wa baba yao unaliwa tende na ndege kila msimu. Wakubwa sita wanapewa zamu ya kuulinda, mmoja baada ya mwingine, wanalala. Mdogo anachukua mahindi ya kukaanga, anayachanganya na mchanga, na kila usingizi ukimjia anatafuna. Mchanga ukigonga meno anazinduka. Anamshika ndege. Sura hii inawahusu waliohesabiwa kuwa si kitu nyumbani kwao. Nguvu yao ni kwamba hawajidanganyi kuhusu udhaifu wao: yeye alijua atasinzia, akajiandaa. Hatari yao ni kubaki jikoni hata mlango ukiwa wazi, kwa kuwa moshi wameuzoea.

Simba, binti wa kifalme, mzee wa hekima na wengineo utawachambua mwenyewe kwa maswali yale yale: anafanya kazi gani, nani analipa gharama, na anakataa kuona nini.

Hatua ya 4: Mtafute paka kabla hajawa nunda

Ngano hiyo ya Sultani Majinuni ina sehemu ya pili, na kwangu hakuna somo la kivuli lililo wazi kuliko hili.

Sultani alikuwa na paka aliyempenda sana. Paka akala kuku. Watu wakaja kushitaki, Sultani akajibu: paka wangu, na kuku wangu. Paka akala mbuzi. Jibu likawa lile lile. Akala ndama, akala ng'ombe, akala watu, na Sultani bado anamtetea. Mpaka alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba akakiri kwamba huyu si paka tena, huyu ni nunda, mla watu.

Hakuna anayezaliwa na nunda. Kila nunda alianza kuwa paka aliyetetewa.

Chukua ukurasa mpya, ugawe safu tatu. Safu ya kwanza, andika mara tano za karibuni ambapo mtu alikulalamikia: mke, mume, mtoto, jirani, mwenzako kazini. Safu ya pili, andika ulivyojibu, kwa maneno yako halisi kadiri unavyoyakumbuka. Safu ya tatu, andika nani aliliwa. Usijitetee kwenye karatasi, maana haiendi popote.

Kisha tafuta jibu linalojirudia. Jibu hilo ndilo "paka wangu, na kuku wangu" lako. Langu lilikuwa "nina mambo mengi". Nilimjibu hivyo mwanangu aliponiomba nije siku ya michezo shuleni, nikamjibu hivyo jirani aliyefiwa, nikamjibu hivyo dada. Mara ya kwanza lilikuwa kweli. Kuku aliliwa mapema sana, miaka kadhaa kabla ya goti la dada.

Hatua ya 5: Muulize anayekujua

Kaa-jikoni ndiye anayekwenda kumsaka nunda. Hajawahi kumwona. Anaua mbwa, anamburuta hadi kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda mla watu, na mama anamjibu, mwanangu, huyu siye. Anarudi porini, analeta mnyama mkubwa zaidi. Siye. Anarudi tena na tena, kila mara mkubwa kuliko wa jana, mpaka anampata mwenyewe.

Nawe unahitaji mtu wa kukwambia "siye". Ukiwa peke yako utaua mbwa, utangaze ushindi. Utasema kosa lako kubwa ni kufanya kazi kupita kiasi, au kuwaamini watu mno.

Chagua mtu asiyekuogopa na asiyekutegemea kwa pesa. Mara nyingi ni shangazi, mjomba, au rafiki wa shule. Nenda ana kwa ana, usimtumie ujumbe. Binamu yangu, ambaye miaka yote alijiona Sungura wa ukoo, alimwendea shangazi yetu asubuhi akiwa anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nina swali, na nakuomba usinionee haya. Ile ngano ya Sungura na buku mbuyuni. Nikiwa na ndugu zangu, mimi huwa nani?"

Shangazi akaendelea kupepeta kidogo. "Wewe mwanangu ni buku. Wenzako wakishashuka, wewe ndiye unayeulizwa."

Binamu alirudi kimya. Kumbe ujanja wote aliojisifia ulikuwa wa kuwafunga wengine kwenye majani na kuwatupa salama, huku yeye akibaki juu na deni la kaka, kesi ya shamba na aibu ya sherehe iliyoharibika.

Ukishajibiwa, kanuni ni moja: sema ahsante, usibishe, uandike maneno yaleyale. Kubisha unaweza kesho.

Hatua ya 6: Wiki moja katika kazi nyingine

Kujua peke yake hakubadilishi kitu. Chagua tendo moja dogo linalokwenda kinyume na kazi yako ya siku zote, ulifanye siku saba. Dogo kweli, la kuonekana.

Paa aombe kitu kimoja kila siku, hata maji ya kunywa, na akiombwa pesa aseme "nitakujibu kesho" kabla ya kusema ndiyo. Sungura, akichelewa au kukosea, aseme "nimekosea" bila kuongeza sababu. Kobe apige simu moja ambayo hakulazimika kuipiga. Buku aulizwapo jambo lisilo lake ajibu: "Muulize mwenyewe." Fisi aache kitu sahanini, akitazame, aondoke. Kaa-jikoni aseme neno moja kwenye kikao, kabla ya wakubwa kumaliza.

Kila usiku andika mistari miwili: nini kilitokea, na mwili ulihisi nini. Binamu yangu siku ya kwanza ya kusema "muulize mwenyewe" alitokwa jasho viganjani. Siku ya tano kaka yake akaenda kumuuliza mwenyewe, na deni likajadiliwa na waliolikopa.

Ukiona wiki inakuchimbua mambo mazito, kumbukumbu za kupigwa au za kuingiliwa utotoni, usingizi umepotea, hamu ya kuishi imepungua, acha daftari. Hapo ngano imefika mwisho wa uwezo wake. Mtafute mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, na usiende peke yako kama unaweza kusindikizwa.

Hatua ya 7: Tafuta mahali ngano inapogeuka

Watu hutaka kuandika upya mwisho wa ngano. Mwisho hauna kazi, ukifika umefika. Tafuta sentensi moja iliyo kabla yake, ambapo mambo yangeweza kwenda vingine. Kwa Sultani Majinuni ni siku ya kuku. Kwa buku ni pale alipoombwa akusanye majani. Kwa Hamdani ni mlangoni, mjumbe amesimama kusema paa anaumwa, na mdomo wa Hamdani haujafunguka bado.

Iandike sentensi hiyo katikati ya ukurasa mtupu. Chini yake andika: katika maisha yangu, nani amesimama mlangoni sasa hivi? Jina tu. Kisha andika siku na saa utakayomwendea, na ufunge daftari.

Niliandika Ijumaa, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nilimkuta dada amekaa barazani, mguu ameunyosha juu ya stuli. Nikamwambia nimekuja kukaa siku kumi, Jumatatu tunakwenda hospitali. Akaniuliza, "Na kazi yako?" Nikamjibu, "Ipo, dada." Sikusema nina mambo mengi.

Jioni nikapika wali, nikamletea pale pale alipokaa. Umeme ukakatika. Tukaanza ngano ya bibi, yeye kipande, mimi kipande, na safari hii hatukuishia paa anapougua. Tulipita mlangoni kwa Hamdani, tukapita kisimani, tukaenda naye mpaka jaani.